Mstari Mwekundu Mpakani: Vitambuzi Vipya vya Dawa za Kulevya na Kazi ya Askari

Mazungumzo baada ya habari, kwa askari wa jeshi na wa polisi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlio katika malindo na vituo vya mpakani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu chombo kidogo kuliko kalamu, ambacho jibu lake laweza kuwa mwanzo wa safari ya mtu kwenda gerezani. Chombo hicho ni kitambuzi cha dawa za kulevya kilichoundwa kwa chembe ndogo mno za zahabu, fedha au kaboni, chembe ambazo wataalamu huziita za nano. Majarida ya sayansi yamekuwa yakikisifu kwa miaka mingi. Sisi hatutakisifu wala hatutakilaani. Tutauliza swali moja tu, nalo ni hili: askari anapokishika mkononi na kuona mstari au rangi, amejua nini, na hajajua nini?

Swali hilo lina uzito wake mahali kama Mbugangari. Mtaa huo wa mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, umepakana na mji wa Goma bila mto wala mlima wa kuitenga miji hiyo miwili. Ukisimama penye kizuizi kinachoitwa Petite Barrière, mtaa wa Birere uko mbele yako hatua chache tu. Kabla ya mipaka kufungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, waliovuka hapo kwa siku moja walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi wao walikuwa akina mama wenye mboga, unga, nyanya na maziwa kichwani, pamoja na walemavu waendeshao baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo. Kando ya njia rasmi zipo njia za panya, ambazo askari wa doria huzijua usiku kama azijuavyo mchana. Katika mkondo huo wa watu watafutao riziki hupita pia bangi, hupita kanyanga, na hupita kete za unga ambao vijana wa mjini wameupa jina la mugo. Jina la mitaani, kama mjuavyo, halitaji kemikali iliyomo.

Nayo sheria haifanyi mzaha. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 juu ya makosa na adhabu iliweka, kwa mtu anayeuza au kusafirisha dawa za daraja la juu la ukali, adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha, pamoja na faini ya mamilioni ya faranga. Amri ya Waziri wa Afya ya mwezi Machi 2019 iliiweka bangi katika daraja hilo hilo la juu, pamoja na heroini na kokeini. Mahali ambapo kufuli ni zito kiasi hicho, ufunguo hauwezi kuwa kitu cha kubahatisha.

Yafaa kwanza tukumbuke chombo ambacho vitambuzi hivi vinakuja kukiondoa, au kukisaidia. Kwa zaidi ya miaka mia moja polisi wa dunia nzima wametegemea maji yanayobadilika rangi. Kipimo cha Marquis, kilichotokea mwaka 1896, ni mchanganyiko wa formalini na asidi ya salfa. Ukitiwa heroini au mofini hugeuka zambarau. Kipimo cha chumvi ya kobalti huwa na rangi ya waridi, na kikikutana na kokeini hugeuka buluu. Ni vipimo rahisi, vya bei nafuu, na askari yeyote aliyefundishwa kwa nusu siku aweza kuvitumia. Tatizo ni kwamba rangi haina uaminifu wa ndoa. Chumvi ile ya kobalti hugeuka buluu mbele ya kokeini, na hugeuka buluu vilevile mbele ya vitu vingine zaidi ya 80, vikiwamo baadhi ya dawa za hospitali.

Matokeo yake yamekwisha onekana, na hayakuonekana katika nchi maskini isiyo na maabara. Katika wilaya ya Harris, jimbo la Texas, ulimo mji wa Houston, watu zaidi ya 40 walifutiwa hatia za dawa za kulevya katika mwaka 2015 pekee. Wengi wao walikuwa wamekiri makosa mahakamani siku chache tu baada ya kukamatwa, kwa kuwa rangi ya askari wa barabarani ilikwisha wahukumu na wao hawakuwa na fedha za kusubiri nje. Maabara ilipopata nafasi ya kupima, miezi au miaka baadaye, iliona kwamba walichokamatwa nacho hakikuwa dawa iliyokatazwa. Mwezi Desemba mwaka huo huo, huko Orlando, jimbo la Florida, mtu mmoja alitiwa mahabusu kwa sababu ya punje za sukari ya andazi zilizoanguka ndani ya gari lake; kipimo cha rangi kiliziita methamfetamini. Mji ule ulilazimika kumlipa fidia. Ni kisa cha kuchekesha kwa anayekisikia akiwa nyumbani kwake.

Sasa tugeukie chembe zenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000; chembe ya zahabu itumikayo katika vipimo hivi huwa na nanomita 40 hivi. Dhahabu ikivunjwa kufikia udogo huo huacha kuwa ya manjano na huwa nyekundu kama divai. Chembe zikikusanyika pamoja, wekundu hugeuka kuwa zambarau au buluu. Michael Faraday, mwanasayansi wa Kiingereza, alilieleza jambo hilo la wekundu wa zahabu mwaka 1857. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la zamani. Kipya ni kule kuzivika chembe hizo kitu chenye uhai, au kilichochukuliwa kutoka katika uhai, ili kiwe jicho la kuitambua dawa. Ndiyo maana vyombo hivi huitwa vitambuzi vya kibiolojia.

Askari anayedhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na ya mwaka ujao atazame tena. Kile kipande cha kupimia malaria ambacho mshauri wa afya wa kijiji hukitoa mfukoni, akamtoboa mtoto kidole na kusubiri mstari mwekundu, mara nyingi wekundu wake ni zahabu ya nano. Kipande cha kupimia mimba ni hivyo hivyo, na vipande vingi vya UVIKO-19 tulivyopimwa navyo puani vilitumia zahabu hiyo hiyo. Wengi wenu mmekwisha kuishika teknolojia hii kabla ya kuambiwa jina lake.

Na hapa ndipo penye mtego wa kwanza, ambao nauona kuwa mkubwa kuliko yote kwa askari wetu. Katika kipimo cha malaria, mstari wa pili ukitokea, mtu ana ugonjwa. Katika vipande vingi vya kupimia dawa za kulevya mambo ni kinyume: mstari ukitokea, dawa haikuonekana, mstari usipotokea, dawa inashukiwa kuwapo. Mtu aliyezoea kusoma malaria, akipewa kipande cha dawa za kulevya usiku, kwa tochi, bila mafunzo, atamwachia mwenye kete na kumtia pingu mwenye unga wa muhogo, tena akiwa na hakika kamili moyoni.

Kwa nini iwe kinyume? Si ukaidi wa watengenezaji. Protini ya kijidudu cha malaria ni kubwa, na yaweza kushikwa na kingamwili mbili kwa pamoja, moja mbele na moja nyuma, kama askari wawili wanavyomshika mhalifu mkono huu na mkono huu. Molekuli ya kokeini au ya mofini ni ndogo mno. Haina mikono miwili ya kushikwa. Basi wataalamu wakatumia hila nyingine. Fikirini kingamwili iliyobebwa na chembe ya zahabu kuwa ni askari mwenye sare nyekundu na pingu moja. Wanatumwa askari elfu nyingi wapite katika kipande kile pamoja na maji ya sampuli. Katikati ya njia wamefungwa mahabusu bandia, yaani molekuli za dawa zilizogandishwa hapo na kiwanda. Askari akifika hapo na pingu tupu, humfunga mahabusu yule bandia na kusimama papo hapo; wakisimama wengi, sare zao nyekundu huonekana kama mstari. Lakini sampuli ikiwa na dawa ya kweli, kila askari amekwisha tumia pingu yake njiani, na hupita pale mstarini bila kusimama. Pakawa patupu. Mbele zaidi upo mstari wa pili, wa udhibiti, unaowakamata askari wenyewe wawe na mahabusu au wasiwe naye. Huo usipotokea, kipande kimeharibika, na jibu lake litupwe hata kama linampendeza mpimaji.

Mtego wa pili unahusu jicho lenyewe la kitambuzi, na hapa nchi zetu zina sababu ya pekee ya kuwa macho. Mbali na kingamwili, wataalamu wamegundua namna ya kutumia vipande vifupi vya vinasaba ambavyo hujikunja na kuishika molekuli fulani kama kufuli inavyoushika ufunguo wake. Vipande hivyo huitwa aptama, na njia ya kuvichagua ilitangazwa mwaka 1990. Mwaka 2001 Milan Stojanovic na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa kitambuzi cha kokeini kilichotumia aptama. Toka hapo aptama ile imekuwa kama farasi wa kazi katika maabara za dunia; imepachikwa kwenye zahabu, kwenye kaboni, kwenye elektrodi, na makala juu yake ni nyingi mno. Kisha, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha York nchini Kanada wakaonyesha kwamba aptama hiyo huishika kwinini kwa nguvu zaidi, mara nyingi zaidi, kuliko inavyoishika kokeini iliyokusudiwa.

Kwinini, ndugu wasikilizaji! Dawa chungu ya malaria ambayo kila mzee wa nchi hizi za Maziwa Makuu ameimeza. Mtafiti aliye New York hana haja ya kuwaza sana juu ya kwinini. Lakini mama anayetoka Goma akiwa na homa, mwenye vidonge vya kwinini vilivyovunjika ndani ya kitambaa chake, akikutana na chombo kilichoundwa juu ya aptama ile, ataonekana kuwa mchukuzi wa kokeini. Sisemi kwamba kila kitambuzi kina kasoro hiyo. Zipo aptama na kingamwili nyingine, na kazi ya kuzinoa inaendelea. Nasema kwamba kitambuzi kinachouzwa kwa mpaka wa Afrika kipimwe kwanza kwa vitu vilivyomo katika vikapu vya Afrika: kwinini, parasetamoli, unga wa muhogo, maziwa ya unga, sabuni ya unga, dawa ya minyoo ya mifugo. Anayekileta na asione aibu kuulizwa majibu ya majaribio hayo. Tafiti nyingi za vitambuzi hivi zilifanywa kwa maji safi ya maabara, na vumbi jeusi la volkano lililoko Rubavu halimo katika maji hayo.

Hali kadhalika, dawa halali zaweza kumfanana jamaa yake aliye haramu. Kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi ni ndugu wa mofini, na kipimo cha jumla cha afyuni hakiwatofautishi. Baadhi ya dawa za mafua huweza kuamsha kipimo cha amfetamini. Hata mbegu za mpopi zinazonyunyizwa juu ya mikate ya Wazungu zilikwisha leta kesi. Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani, mwaka 1998, ilipandisha kiwango cha kumtangaza mfanyakazi kuwa ametumia afyuni kutoka nanogramu 300 hadi nanogramu 2,000 katika kila mililita ya mkojo. Angalieni jambo hilo: chombo kilikuwa na uwezo wa kuona kidogo zaidi, na watu wenye akili wakaamua kwamba kisiamini kila kidogo kinachokiona.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Wauzaji husema: kitambuzi chetu ni kikali, huona hata sehemu moja katika bilioni. Ukali huo ni sifa njema hospitalini na maabara. Mpakani ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alieleza mbele ya wanakemia wenzake kwamba noti za dola alizozipima kutoka miji mbalimbali ya Marekani, hadi tisa katika kila kumi, zilikuwa na chembechembe za kokeini. Noti moja hugusa nyingine katika mashine za benki, na uchafu husambaa. Sasa tazameni biashara ya Goma na Gisenyi: dola hupita mikononi mwa wabadilishaji fedha, wauza mafuta, wauza vitenge na wauza samaki mchana kutwa. Kitambuzi kikali kikipanguswa kwenye kiganja cha mbadilishaji fedha chaweza kusema kweli kabisa kwamba pana alama ya kokeini, na bado mtu yule akawa hajaiona kokeini maishani mwake. Kitambuzi hakikusema uongo. Kiliulizwa swali lisilo lake.

Na si noti tu. Mkono wa askari wenyewe ni barabara. Askari aliyefungua gunia la bangi saa mbili asubuhi, kisha saa nne akafungua kapu la mama mwingine kwa glavu zile zile, juu ya meza ile ile, amekwisha kumpelekea mama yule bangi bila kukusudia. Kwa kipimo cha zamani cha rangi kosa hilo lingeweza kupita bila kuonekana, kwa kuwa rangi ilihitaji kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa kitambuzi cha nano, kosa hilo huwa ushahidi. Maana yake ni kwamba kila chombo kinavyozidi kuwa kikali, usafi wa anayekitumia hauna budi kuzidi pia: glavu mpya kwa kila mzigo, karatasi mpya mezani, na pamba ya kupangusia isiyoguswa na mkono mtupu.

Katika Uingereza, mwaka 2007, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha East Anglia walikwenda mbali zaidi. Walifunga kingamwili kwenye chembe za zahabu na kuziweka juu ya alama ya kidole, na alama hiyo ikawaonyesha, kwa jasho lililobaki katika mistari yake, kama mwenye kidole alikuwa mvutaji wa sigara. Walichokitafuta si moshi uliogusa ngozi. Ni kotinini, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza baada ya kupokea nikotini. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa mpelelezi. Kitu kilichotengenezwa na mwili huonyesha kwamba dawa ilipita ndani ya mtu. Dawa yenyewe juu ya ngozi huonyesha tu kwamba ilimgusa. Hata hivyo, aliyetumia si lazima awe aliyesafirisha, na sheria huwatenganisha.

Zipo pia njia za umeme, zinazofanana na kile kifaa cha kupimia sukari ya damu: elektrodi ndogo iliyochapwa kwenye plastiki, mara nyingine ikapakwa kaboni ya nano, na mkondo wa umeme unaoandika picha ya kila kemikali. Kuanzia mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Antwerp, nchini Ubelgiji, kiliongoza mradi wa nchi za Ulaya ulioitwa BorderSens, uliolenga hasa askari wa mipakani na bandarini. Njia hii ina faida ya kutodanganywa na rangi, kwa kuwa wasafirishaji hujua kuichanganya kokeini na rangi au makaa ili kukipofusha kipimo cha zamani. Lakini watafiti hao hao wa Antwerp walitangaza, mwaka 2018, kwamba levamisoli, dawa ya minyoo ambayo wafugaji wanaijua na ambayo wauza kokeini huitumia kuongeza uzito wa mali yao, huifunika sauti ya kokeini katika kipimo cha umeme, mpaka walipotafuta mbinu ya kuikwepa. Basi chombo chaweza kumkosea mwema, na chaweza pia kumpitisha mwovu. Nawaheshimu watafiti hao kwa kulisema hilo wenyewe kabla ya wahalifu kuligundua.

Bangi nayo ina tatizo jipya. Kipimo cha rangi cha miaka ya 1930 kinachotumika kwa bangi hakitenganishi mmea wenye kulevya na katani isiyolevya. Zamani jambo hilo halikuwa na uzito hapa kwetu. Lakini mwezi Juni 2021 Rwanda iliweka amri ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya tiba na utafiti tu, kwa leseni na chini ya ulinzi mkali. Kwa hiyo ipo bangi yenye hati na isiyo na hati, na hakuna chembe ya zahabu iwezayo kusoma hati. Kazi hiyo inabaki ya macho ya askari.

Je, jibu la kitambuzi lina cheo gani mbele ya hakimu? Kundi la kimataifa la wataalamu wa uchunguzi wa dawa, liitwalo SWGDRUG, limegawa vipimo katika madaraja matatu kwa uwezo wake wa kutambua. Vipimo vya rangi viko daraja la tatu, la chini. Vipimo vya kingamwili viko papo hapo katika daraja la tatu, viwe vimevishwa zahabu au visivishwe. Daraja la kwanza lina mashine zinazosoma umbo la molekuli lenyewe. Mojawapo huigeuza sampuli kuwa mvuke, huitenganisha kwa gesi, kisha huivunja molekuli na kupima uzito wa kila kipande, hata ikapatikana alama isiyoigwa kwa urahisi na kitu kingine. Mashine za namna hiyo hazibebwi mfukoni. Kwa Rubavu, maabara ya kutegemewa iko Kigali, kilometa zipatazo 150 kwa barabara ya milimani, katika taasisi ya taifa ya uchunguzi wa kisayansi wa jinai, ambayo hadi mwaka 2023 ilijulikana kama Maabara ya Sayansi ya Jinai ya Rwanda. Wazee wa kazi watakumbuka kwamba kabla ya maabara hiyo kuanza kazi mwaka 2018, sampuli za vinasaba zilikuwa zikipelekwa Ujerumani. Kilometa 150 si kisingizio tena.

Lakini maabara hupima tu kilichofikishwa mbele yake. Askari wa jeshi akimkamata mtu njia ya panya usiku na kumkabidhi kwa polisi, polisi wakamkabidhi kwa Ofisi ya Upelelezi, na ofisi hiyo ikapeleka kielelezo Kigali, kielelezo kimepita mikono minne. Kila mkono usipoandika saa, mahali, uzito, jina na namba ya lakiri, wakili wa mshtakiwa atauliza swali moja tu: mna hakika gani kwamba unga huu ndio ule? Na lisipojibika, mwuza heroini wa kweli atatoka kwa mlango wa mbele. Wako wanaodhani kwamba utaratibu huu ni wa kuwalinda wahalifu. Aliyewahi kuona kesi nzuri ikivunjika kwa lakiri iliyofunguliwa hasemi hivyo.

Hata uandishi wa taarifa una namna yake. Askari asiandike, «nilimkuta na kokeini». Hakuiona kokeini, aliona unga mweupe na kipande kisicho na mstari. Aandike alichokiona: unga mweupe, gramu kadhaa, ndani ya mfuko wa rangi fulani, uliokuwa mahali fulani, kipande cha kupimia chenye namba fulani, ambacho muda wake wa kutumika haujapita, kilichotolewa katika kifuko chake kisichofunguliwa, mstari wa udhibiti umetokea, mstari wa kokeini haukutokea, baada ya dakika zilizoagizwa na kiwanda, mbele ya shahidi fulani, sampuli imetiwa lakiri na kupelekwa maabara. Na sehemu kubwa ya unga ibaki bila kuguswa, ili upande wa utetezi nao upate cha kupimisha.

Kabla ya yote hayo ipo hatua moja ambayo haigharimu zaidi ya kipande kimoja na dakika tano, na ambayo kila mtaalamu wa maabara huianza siku yake kwayo. Kabla ya kumpima msafiri, askari achukue pamba safi, apanguse glavu zake mwenyewe na meza ya ukaguzi, aipime pamba hiyo, na aandike jibu lake katika daftari pamoja na saa. Meza ikionekana safi saa mbili kamili, jibu la mzigo uliopimwa saa mbili na dakika kumi litakuwa na pa kusimama. Meza yenyewe ikionekana kuwa na dawa, ioshwe kwa maji na sabuni, na watu walioko foleni wasubiri kidogo.